Bandeji ya Bibi na Hesabu ya Kisheria

Mimi ni karani wa ofisi ya mawakili, mwaka wa kumi na tisa huu, na nimeona watu wa kila aina wakipita pale mapokezi: waliodhulumiwa, waliodhulumu, na waliopotea njia wakaja kuuliza choo. Lakini viumbe wa ajabu kuliko wote ni wanafunzi wa sheria wakati wa likizo ndefu. Wenzao wa masomo mengine chuo kikifungwa wanalala mpaka jua liwatoe kitandani. Hawa wetu wanafika asubuhi na mapema wamejinyonga kwa tai, wanaomba kazi, na ukiwapa kazi wanaomba nyingine. Jamani, wakiambiwa likizo wanasikia nini? Mimi sijui.

Jambo la kwanza wanalojifunza pale kwetu si sheria, ni koti. Koti linavishwa kiti asubuhi na halitoki hapo. Mwenyewe akienda msalani, koti lipo. Akienda kula, koti lipo. Wakili Mkuu, yaani mwenye ofisi, akipita akiona kiti kimevaa, ajue mtu yupo, anakazana, hajaenda mbali. Mwaka juzi kuna kijana aliugua homa wiki nzima, yuko kwao anameza dawa, na koti lake likafanya kazi siku tano bila kuchelewa hata mara moja. Nililipangusa vumbi mwenyewe.

Na cha kuchekesha, Wakili Mkuu hajawahi kumwambia mtu yeyote abaki baada ya saa za kazi. Yeye anabaki kwa sababu anasubiri foleni ya magari ipungue. Nampelekea chai saa kumi na moja jioni, namkuta kavua viatu, miguu juu ya droo, anajaza fumbo la maneno la gazetini. "Bi Karani," ananiuliza, "herufi sita, maana yake mapumziko." Namwambia, "Likizo, mzee." Anaandika. Huku nje wanafunzi watatu wamekodolea macho kompyuta, hawathubutu kuinuka, wanaamini mle ndani inapikwa rufaa ya kufa mtu.

Niliwaambia ukweli. Wakanicheka. Mmoja akaniambia kwa upole, kama anamweleza mtoto, "Hiyo ni mbinu, anatupima."

Na aliyesema hivyo hakuwa mtu baki. Ni mtoto wa dada yangu.

Nyumbani tunamwita Kifungu. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza chuoni, aliporudi likizo ukawa humwambii aoshe vyombo ila anakuuliza, "Kwa kifungu kipi?" Mama yake, yaani dada yangu, anafanya kazi nchi za mbali na anarudi mara moja kwa mwaka akiwa na masanduku. Aliyemlea Kifungu tangu hajaota meno ni bibi yake, mama yangu mimi, na tunaishi sote watatu nyumba moja. Mimi ndiye niliyemwombea nafasi pale ofisini kwetu. Nikampa sharti moja tu: "Kule usiniite Mama Mdogo. Kule mimi ni Bi Karani." Akalishika hilo sharti mpaka likanichosha. Ilifika mahali tuko mezani nyumbani ananiambia, "Bi Karani, naomba chumvi."

Mwaka huu walikuwa watatu, na nafasi ya kuajiriwa baada ya kuhitimu ilikuwa moja. Wakili Mkuu alishasema Jumatatu ya wiki ya mwisho atataja jina. Basi hapo ndipo mtoto alipotuharibikia. Anatoka nyumbani jogoo bado anafikiria kama awike. Anarudi giza limeshaingia, anakula amesimama, anapiga mswaki mkono mmoja na mwingine umeshika faili. Zamani kila Jumapili Bibi alikuwa anamsuka. Anamsuka kwa kupapasa, maana macho yalikuwa yameshamtupa mkono, na mistari inatoka imenyooka kuliko ya wenye macho. Sasa Kifungu akawa anabana nywele na kamba ya kufungia mafaili. Bibi akanung'unika, "Mtoto huyu siku hizi namjua kwa hodi tu."

Nikamkalisha chini nikamsema. Na usidhani hakunisikia. Kesho yake akaja na shajara, daftari kubwa jeusi la tarehe, amelipiga mistari: Kazi, Mwili, Familia. Kumbe chuoni walipewa semina nzima ya namna ya kuoanisha kazi na maisha, na yeye akaiandikia maelezo. Chini ya Familia ilisomeka: "Bibi. Jumapili, saa 11:00 hadi 11:20 jioni."

Nikamsomea Bibi. Bibi akafikiri, akauliza, "Na ikifika ishirini na moja?"

"Tunaahirisha, Bibi," alisema Kifungu, na hakuwa anatania. Nilitaka kucheka, nikakuta hasira imetangulia.

Sasa nikueleze habari ya macho, maana ndiyo kisa chenyewe. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho, kulia na kushoto, mwaka wa tatu. Alikuwa anaona ukungu na vivuli, mtu na pazia kwake mamoja. Mara ya mwisho kumwona Kifungu sawasawa, Kifungu alikuwa ndio kwanza anakwenda chuo, uso wa mviringo, chunusi mbili kwenye paji. Baada ya hapo akawa anamshika tu mashavu kwa viganja, anasema, "Ngoja nikuone." Hospitali wakatupangia siku, jicho la kulia kwanza. Na Bibi alikuwa na ombi moja tu katika shughuli yote hiyo. Hakuuliza kama itauma. Alisema, "Nikifumbua, wa kwanza kumwona awe Kifungu."

"Na mimi ninayekupeleka hospitali, Mama?"

"Wewe utakuwepo tu," akanijibu. Nikajikaza kisabuni.

Kifungu akaapa. Alishika mikono ya Bibi yote miwili, akasema popote atakapokuwa ataacha kila kitu aje. Bibi akamwambia, "Usiape, njoo tu."

Operesheni ikafanyika Jumatano asubuhi, ikaenda salama. Daktari akasema, "Siku ya tatu mrudi saa sita mchana, tutoe bandeji." Nikampigia Kifungu ofisini palepale, nikiwa koridoni, nikamwambia neno kwa neno: siku ya tatu, saa sita mchana, usinichelewe. Akasema, "Naandika, Bi Karani." Nikasikia hata kalamu inavyokwaruza. Nikakata simu moyo mweupe.

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya kitaifa, ofisi zote zimefungwa, na Kifungu akaenda kazini. Ijumaa ikafika. Bibi aliamka mapema kuliko kawaida, akavaa gauni lake la kijani, akajipaka mafuta, akakaa sebuleni na bandeji yake akingoja saa ambayo iko mbali kabisa. Kifungu alipita, akambusu shavuni, akatoka mbio na vidude vya kusikilizia masikioni, maana hata njiani anasikiliza mihadhara. Nikapaza sauti, "Saa sita, wewe!" Akapunga mkono bila kugeuka. Nikachukulia tumeelewana.

Saa sita kamili tuko chumba cha macho. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene, mpole, mikono inanukia sabuni. Akabandua bandeji taratibu, akafuta kope kwa pamba yenye maji, akasema, "Haya Bibi, fumbua."

Bibi akauliza, "Mjukuu wangu amefika?"

"Yuko njiani," nikasema mimi, nikiangalia mlango.

"Basi namngoja."

"Bibi, fumbua kwanza nikuangalie."

"Sifumbui."

Muuguzi akanitazama. Nikamtazama. Bibi amekaa kwenye kiti wima, mikono mapajani, macho yote mawili ameyafumba kwa nguvu mpaka pua imekunjamana. Tukambembeleza. Tukamwambia afumbue kidogo tu. Muuguzi akamletea maji, akidhani atasahau akifumbua kuangalia bilauri. Thubutu! Alipapasa bilauri akanywa, akashukuru, akarudisha. Wagonjwa wengine wakaanza kuja kuchungulia. Bibi akaongea nao wote, akauliza hali zao, akawapa pole, na hakumwona hata mmoja.

Saa saba. Saa saba na nusu. Muuguzi akanivuta pembeni, upole umepungua. "Dada, daktari anatoka saa tisa anakwenda hospitali nyingine, na harudi mpaka Jumatatu. Hili jicho lazima alikague leo. Kama kuna usaha unaanza, leo ndiyo siku ya kuukamata. Jumatatu huenda tukawa tumechelewa." Nilikuwa nimeona ni vituko vya mzee, kumbe jicho lenyewe liko hatarini.

Nikapiga simu ya Kifungu. Haipatikani. Nikapiga tena, haipatikani. Nikapiga simu ya ofisi, ikalia, ikalia, ikalia, nikaanza kumtukana moyoni huyo mpokeaji simu asiyejua kazi yake. Nikakumbuka mpokeaji ni mimi.

Nikamwinamia Bibi sikioni. "Mama, naomba. Kwa ajili yangu."

"Mwanangu," akasema kwa upole kabisa, "miaka mitatu nimengoja. Saa moja nyingine ni nini?"

Nikamwacha na muuguzi, nikatoka nje nikadaka pikipiki. Dereva nilimwambia kimbia, na alikimbia, nikawa nashika koti lake kwa mikono yote na kusali kwa sauti. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule mtoto, na mengine siwezi kuyaandika hapa.

Niliwakuta chumba cha mikutano, mlango umefungwa. Sikubisha. Meza ndefu yote ilikuwa imejaa karatasi. Wenzake wawili wanatoboa matundu na kupitisha uzi, Wakili Mkuu amekunja mikono ya shati, na Kifungu yuko kichwani mwa meza na mhuri, anagonga vielelezo kimoja baada ya kingine na kuviandikia herufi. Simu zao zote zilikuwa zimezimwa, zimepangwa kwenye kisahani dirishani. Kulikuwa na faili la kuingia masjala ya mahakama kabla ya saa tisa na nusu.

"Mama Mdogo!" Kifungu akaropoka, kisha akajirekebisha, "Bi Karani. Vipi, mbona unahema?"

"Unaniuliza mimi? Bibi yako anakungoja hospitali tangu saa sita!"

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jua limechomoza usiku. "Leo? Lakini bandeji si Jumanne?"

"Jumanne ya wapi?"

Akachukua shajara yake, akaifungua, na jamani, alikuwa na uhakika. Akanionyesha kwa kidole. "Operesheni Jumatano. Siku ya tukio haihesabiwi. Alhamisi sikukuu, haihesabiwi. Ijumaa, siku ya kwanza. Jumamosi na Jumapili ofisi zimefungwa, hazihesabiwi. Jumatatu ya pili, Jumanne ya tatu." Akaninyooshea daftari. Imeandikwa kwa wino mwekundu, imepigiwa mstari mara mbili: "JUMANNE, SAA SITA. BIBI. HAKUNA KUAHIRISHA."

Na hapo Wakili Mkuu akainama juu ya daftari, miwani puani, akafuatisha hesabu kwa kalamu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Kisheria," akasema, "yuko sahihi kabisa."

Ebo! Mori ulinipanda mpaka nikasikia masikio yanapiga mbinja. Nimefanya kazi kwa yule mzee miaka kumi na tisa na sijawahi kumpandishia sauti. Siku ile nilisahau. "Kisheria! Bibi yake si mahakama ya rufaa! Bibi amehesabu kwa vidole, kama watu wote wenye akili zao: Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Na wewe," nikamgeukia Kifungu, "Alhamisi haihesabiwi, lakini si ulikuja kazini siku nzima? Ya kufanya kazi inahesabiwa, ya Bibi haihesabiwi?"

Mmoja wa wenzake akajitia anatafuta uzi chini ya meza.

"Ametolewa bandeji," nikaendelea, na sauti sasa ilikuwa inanivunjika, sikuweza kuizuia. "Ametolewa, na amefumba macho. Amekataa kufumbua. Amekataa kuniona mimi, amekataa kumwona muuguzi, amekaa tu pale anasema anakungoja wewe. Daktari anaondoka saa tisa. Asipomkagua leo jicho linaweza kuharibika."

Kifungu akaangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na dakika kumi na tano. Akaangalia meza. Akamwangalia Wakili Mkuu. Na unajua alisema nini mtoto niliyemfunga nepi kwa mikono yangu? Alisema, "Dakika ishirini tu, Mama Mdogo, nimalizie vielelezo."

Sikumjibu. Maneno yote niliyoyapanga kwenye pikipiki yaliniishia. Nilimtazama tu, na naamini hicho ndicho kilichomfika, maana mimi kunyamaza si kawaida yangu. Akabaki na mhuri hewani. Uso ukaanza kumbadilika polepole, kuanzia mdomoni.

"Nenda tu," akasema yule mwenzake wa uzi, kwa sauti tamu tamu. "Sisi tutamalizia." Naye mwingine akaunga mkono haraka, "Ee, nenda." Hawakuwa wabaya, ila Jumatatu ilikuwa karibu na nafasi ilikuwa moja, na kila mtu mle chumbani alijua. Wakili Mkuu hakusema nenda wala baki. Alikuwa anaangalia karatasi.

Kifungu akauweka mhuri mezani. "Nimefika herufi M," akasema, sauti ndogo. "Zilizobaki ziko kwenye bahasha ya kaki. Msigonge juu ya sahihi." Kisha akachukua simu yake kwenye kisahani, akaenda kwenye kiti chake, akakivua koti, akalivaa. Pale kwetu mtu kuchukua koti mchana kweupe, wote tunajua maana yake.

Tulipanda pikipiki mishikaki, yeye katikati, mimi nyuma nimemkumbatia. Nilisikia mbavu zake kupitia koti. Nilikuwa nakaa naye nyumba moja na sikujua kama amekonda hivyo.

Tulifika saa tisa kasoro dakika nane. Daktari alikuwa mlangoni, ufunguo wa gari mkononi, anabishana na muuguzi, na muuguzi amesimama katikati ya mlango na ule unene wake wote, hapiti mtu. Nitamwombea dua yule mama mpaka nife. Kifungu akapenya chini ya mkono wake, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha Bibi.

"Bibi, nimekuja. Nimehesabu vibaya. Nisamehe, nimehesabu vibaya."

Bibi akanyoosha mikono, akampapasa mashavu, paji, nywele zilizobanwa na kamba ya mafaili. Akatabasamu. Kisha akafumbua.

Akapepesa. Machozi yakamtoka yenyewe, ya dawa na ya mwanga. Akatazama. Sote tulikuwa tumeshika pumzi, hata daktari, na mimi nilikuwa nimejiandaa kulia kwa furaha kama watu wanavyolia. Lakini lile tabasamu la Bibi likaanza kuondoka.

"Toba!" akasema. "Nani amemchosha hivi mtoto wangu?"

Kifungu akacheka kidogo, akasema, "Hapana Bibi, mimi niko sawa, ni—" akashindwa. Akaangusha kichwa mapajani mwa Bibi akalia, si kile kilio cha kuomba radhi. Alilia kama mtoto aliyeanguka kitambo akawa anangoja kuonwa na mtu wa nyumbani. Bibi akamwacha alie. Akafungua ile kamba, akaitupa chini, akaanza kuzichambua nywele kwa vidole.

Daktari akaingiza kurunzi yake palepale, akakagua jicho huku mjukuu yuko mapajani, akasema liko safi, hakuna usaha, matone mara nne kwa siku. Akaondoka akikimbia. Muuguzi akasema tunaweza kukaa benchi la koridoni mpaka wafunge, hakuna atakayetufukuza. Tulipohamia pale, Kifungu akalaza tena kichwa mapajani, "dakika mbili tu, Bibi," na hata ya kwanza haikuisha. Mdomo wazi, viatu vimemvuka, anakoroma.

Nikakaa upande wa pili. "Mama," nikasema, "na mimi hunitazami?"

Akageuka akanitazama, jicho moja jekundu, zima, linaniona. "Wewe mbona hujazeeka?" akasema. Akarudi kumtazama Kifungu. Basi ikanitosha, nikasogea nikamwegemea bega.

Ndipo simu ya Kifungu ikalia mfukoni mwa koti. Alikuwa ameiwasha tukiwa njiani. Nikanyoosha mkono, Bibi akaniwahi. Akaishika mbali na uso, mkono umenyooka, akasoma jina kwenye kioo herufi kwa herufi, na kwa furaha ya kusoma akasahau kwamba inaita. "Wa-ki-li Mku-u," akasema. Nikambonyezea. Bibi huweka simu mbele ya mdomo kama kipaza sauti, kwa hiyo nilisikia kila kitu.

"Binti," akasema Wakili Mkuu, "kielelezo P kiko wapi? Bahasha ya kaki haina."

"Mimi si binti. Mimi ni bibi yake. Hujambo, mwanangu?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtoto amelala. Nimwamshe?"

Nilisikia karatasi zinahamishwa, na yule wa uzi anauliza kitu kwa mbali.

"Hapana, mama," akasema Wakili Mkuu. "Mwache. Tutakitafuta wenyewe." Lakini hakukata. Akakohoa. "Macho yanaendeleaje?"

"Yanaona. Namwona hapa, anadondosha mate kwenye gauni langu." Bibi akamfuta Kifungu mdomo kwa kidole gumba. "Na wewe, mwanangu, bibi yako yupo?"

"Alishafariki, mama. Zamani, nikiwa ndio nimeanza kazi."

"Pole. Ulimwahi?"

Nikasikia anatoka na kufunga mlango, zile sauti za karatasi zikabaki nyuma.

"Nilikuwa na kesi siku ile," akasema.

"Ulishinda?"

"Nilishinda, mama."

Bibi akamtazama Kifungu, akaweka kiganja juu ya kichwa chake.

"Pole sana, mwanangu," akasema.